Kobe gani anafaa Dodoma? Ua wa mita 8 kwa 6, Nzuguni

Mkazi wa Nzuguni:
Wakuu, habari. Nataka kufuga kobe wa nchi kavu. Ua ni mita 8 kwa 6, udongo mwekundu wa kichanga, jua kutwa, kivuli ni mwembe mmoja. Mtandaoni naona wanasifiwa sulcata wa Sahel (ukanda mkavu kusini mwa Sahara), yule wa miguu myekundu wa Amerika Kusini, na wale wa Mediterania. Hali yetu mnaijua: mvua Desemba hadi Aprili, baada ya hapo vumbi na upepo mpaka Novemba. Yupi ataimudu bila taa wala hita? Na hawa wanaookotwa porini mvua zikianza?

Gamba Gumu:
Wa miguu myekundu mtoe kabisa, mkuu. Ni kobe wa maeneo yenye unyevu. Kiangazi chote utakuwa unamwagilia banda asubuhi na jioni, na maji ya mji huu sote tunajua yanavyotoka.

Wa Mediterania wengi wamezoea kulala majira ya baridi kwenye nyuzi 4 hadi 8. Julai ya hapa usiku ni 13 au 14, mchana 26. Si baridi ya kumlaza kobe. Wapo wafugaji wanaowalaza kwenye friji. Kama friji lako lina nafasi, sawa.

Sulcata joto analiweza kuliko hata sisi. Tatizo ni kwamba dume hufika kilo 50 na zaidi, na huchimba handaki la mita kadhaa. Kwa ua wako atatokea kwa jirani, au atadhoofisha msingi wa ukuta.

Anayebaki ni mwenyeji: kobe madoa (*Stigmochelys pardalis*), mwenye gamba la njano lenye mabaka meusi. Ni wa nyika kavu kama hizi, hana usingizi wa msimu mzima, hachimbi sana, anakula nyasi. Mkubwa hufika sentimita 30 hadi 45. Ua huo unatosha wawili, na wawe majike. Madume wawili hugongana mpaka mmoja apinduke chali, na kobe aliyelala chali juani saa saba mchana hachukui muda kufa.

Afisa Pori:
Wa kuokota usithubutu. Kobe wetu wa asili ni wanyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na ukikutwa naye bila kibali ni kesi ya nyara za serikali. Pita TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) kwanza, uliza masharti ya ufugaji, kisha nunua kwa mfugaji mwenye leseni na upewe karatasi. Kununua kwanza na kutafuta kibali baadaye ndiko kunakowaponza watu.

Ukiletewa kobe bapa, yule wa kwenye nyufa za majabali ambaye gamba lake linabonyea, kataa. Yuko hatarini kutoweka kabisa, hutaga yai moja kwa mkupuo, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Na yule anayetoka kwenye lambo, gamba limelala, vidole vina utando na akishikwa ananuka, ni wa majini, anakula nyama. Ukimpa nyasi utamuua kwa njaa.

Fundi Mabanda:
Joto la Oktoba kobe madoa halimshindi akiwa na kivuli na maji. Kinachomuua ni baridi ikikutana na unyevu. Usiku wa nyuzi 14 akiwa pakavu, mkubwa hana shida. Usiku wa nyuzi 18 mwezi wa pili akiwa kwenye tope, asubuhi utaona vipovu puani na shingo ameinyoosha, mdomo wazi. Hayo ni mapafu.

Kwa hiyo banda la usiku: mita 1.2 kwa 1, kimo sentimita 50, sakafu iinuke sentimita 20 juu ya udongo, yenye ngazi ya mteremko mpole. Ndani nyasi kavu unene wa kiganja. Mlango uelekee kaskazini: upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki, na jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini. Uzio uwe wa tofali, sentimita 60 juu na 30 chini. Wavu usiweke, kwa sababu akiona nje atausukuma kutwa nzima mpaka achubuke.

Mtoto, gamba chini ya sentimita 10, ni habari nyingine. Hewa kavu ya Agosti humfanya gamba liote vilima, na halirudi. Mweke ndani kwenye sanduku lenye kona ya udongo mbichi kidogo, umwogeshe maji ya uvuguvugu yanayoishia kidevuni, dakika 15, mara tatu kwa wiki. Siafu, kunguru na nguchiro humaliza watoto haraka, funika kwa wavu.

Mkazi wa Nzuguni:
Nashukuru sana. Chakula je? Pumba na kiporo cha ugali vinafaa? Na dawa ya minyoo nitumie ile ya mbuzi?

Gamba Gumu:
Pumba na ugali hapana. Nyasi ziwe robo tatu ya mlo au zaidi: ukoka mbichi, na kiangazi nyasi kavu uzirowanishe. Ongeza mchunga na mpungate uliochomwa miiba. Majani ya mzabibu ni mazuri, ila mashamba mengi ya hapa hupulizwa dawa ya ukungu. Chuma kwenye mti usiopulizwa tu. Kisamvu kibichi kina sumu, mchicha usiwe wa kila siku kwa sababu hufunga madini ya chokaa. Nyunyiza chokaa ya kuku kijiko cha chai kimoja mara mbili kwa wiki. Embe zinazoanguka chini ya ule mwembe ziokote kila asubuhi, zikichachuka tumboni ataharisha.

Dawa ya mbuzi: kama ni ivermectin, usimpe hata tone. Kwa kobe hupoozesha na kuua. Peleka kinyesi kwa daktari wa mifugo, umtajie kabisa kuwa mgonjwa ni kobe kabla hajafungua kabati.