Niko Venice peke yangu, nibaki au nihame?

Wakuu, naombeni ushauri. Nipo Venice, Italia, siku ya pili, peke yangu. Mchana ni balaa: daraja la Rialto watu wamebanana kama dagaa, na uwanja wa San Marco bei ya kikombe cha kahawa ilinitoa jasho. Nikajutia nauli yangu. Ila jana usiku, watalii wa kutwa walipoondoka, nilipotea kwenye vichochoro vya mtaa wa Cannaregio. Hakuna gari wala pikipiki, maji tu yakigonga ngazi. Nikakumbuka Mji Mkongwe, hasira zikaisha.

Nimebakiwa na siku mbili. Mliofika huku, nipande boti hadi kisiwa cha Torcello, kwenye kanisa lililoanzishwa mwaka 639, au nikimbilie mji jirani wa Padova kwa treni? Na mtu wa peke yake ale wapi asichunwe?