Naomba ushauri: msuli wa moyo wa baba umelala au umekufa?

Habari zenu ndugu, wakubwa shikamooni. Baba, miaka 67, mshipa mmoja wa moyo umeziba kabisa. Kwenye picha tulionyeshwa vimishipa vyembamba vya pembeni vilivyotanuka taratibu vikapitisha damu, ndiyo maana hajaanguka. Nilishangaa sana. Ila eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) inaonyesha sehemu ya moyo haisukumi vizuri. Daktari anasema huenda msuli umelala tu kwa kubana matumizi ya nguvu kwa kuwa damu ni kidogo, na damu ikirudi unaweza kuamka.

Mzee anatumia aspirini na dawa ya kolesteroli, lakini akipanda ngazi kifua bado kinambana.

Naombeni msaada: kipimo gani hutofautisha msuli uliolala na uliokufa, kabla hatujakubali upasuaji? Na kutembea kila siku kunavikuza vimishipa hivyo, au tunamchosha?