Mama ameahirishiwa dozi ya pili ya kemo, shangazi kaleta unga wa mizizi. Naombeni ushauri

BintiKihonda
Habari za humu, wakubwa shikamooni.

Mama yangu ana miaka 54. Alitolewa titi la kushoto kwa saratani, na kidonda kilipopona akaanzishiwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: siklofosfamidi pamoja na ile nyekundu, doksorubisini. Ni kila baada ya siku 21, mara nne, halafu atahamia paklitakseli.

Usiku wa dozi ya kwanza alikwenda haja ndogo, mkojo ukatoka mwekundu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kitu. Tulijua anavuja damu, tukakodi bajaji saa nane za usiku, kufika kule nesi anacheka.

Juzi ilikuwa dozi ya pili. Wakampima damu, wakasema seli nyeupe ziko chini, rudini baada ya wiki. Hapo ndipo shangazi, yaani wifi yake mama, alipopata la kusema. Amekuja kutoka kijijini na kopo la unga wa mizizi, anasema dawa ya hospitali ni sumu, imeshindwa, hata wenyewe wameogopa kuendelea. Mama ameanza kuyumba.

Je, kuahirishwa maana yake dawa imeshindwa? Na huo unga anaweza kuutumia hii wiki anayosubiri?

Kinu_na_Mchi
Pole mdogo wangu. Mimi ni mfamasia, nimekaa miaka kadhaa kwenye chumba cha kuchanganyia hizi dawa. Nitaandika kwa urefu, nivumilie.

Shangazi kwenye neno "sumu" hajakosea. Mababu wa siklofosfamidi ni gesi ya haradali, ile ya vitani. Madaktari waligundua kwamba watu walioivuta waliishiwa seli nyeupe za damu, wakajiuliza: je, saratani inayotokana na seli hizo? Mwaka 1942 kule Yale, Marekani, mgonjwa mwenye uvimbe wa saratani ya namna hiyo akadungwa jamaa ya gesi hiyo, uvimbe ukanywea kwa muda. Familia hiyo ya dawa ikaanzia hapo.

Sasa inavyofanya kazi. Kwa jina lako la Kihonda, wewe ni mtu wa Morogoro, kamba ya katani unaijua. Ndani ya kila seli kuna kamba ya vinasaba, nyuzi mbili zilizosokotana. Seli ikitaka kugawanyika lazima izisokotoe hizo nyuzi na kuzinakili. Siklofosfamidi inazishona pamoja zisiachane. Doksorubisini inajipenyeza katikati yake na kumkwamisha kimeng'enya, yule fundi wa ndani ya seli anayekata na kuunga kamba ili fundo lifunguke. Seli ikijaribu kugawanyika, inakufa.

Tatizo, dawa haina macho. Inakamata chochote kinachogawanyika kwa kasi: saratani, mizizi ya nywele, utando wa mdomo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Kwa hiyo seli nyeupe za mama kushuka hakusemi kwamba dawa imeshindwa. Kunasema dawa ilifika, na uboho haujamaliza kujenga upya. Zile siku 21 zimewekwa kwa ajili hiyohiyo, uboho uamke kabla saratani haijajikusanya. Wa mama umechelewa kidogo, wamempa wiki. Ni jambo la kawaida. Wakiona anachelewa kila mara, kuna sindano ya filgrastimu ya kuuhimiza.

Ila msijiongezee wiki nyingine nyumbani. Dozi moja huua sehemu ya seli zilizopo, haiui zote. Kwa mfano tu: ikiua 99 katika kila 100, seli milioni 1 zinabaki 10,000, dozi inayofuata zinabaki 100. Ukikaa sana katikati, zilizobaki zinazaana.

mzee_wa_shamba
Dokta, hizo dawa si zimetoka kwenye mimea hiyohiyo? Kwa nini mnadharau ya shangazi? Wazungu wanachukua miti yetu wanatuuzia kwa bei.

Kinu_na_Mchi
Mzee wangu, hapo una hoja na sitaikimbia. Paklitakseli atakayohamia mama ilitolewa kwenye gome la mti wa magharibi mwa Amerika Kaskazini. Vinkristini, dawa ya saratani za damu, inatoka kwenye yale maua ya rangi ya waridi yenye petali tano yanayojiotea uani kwa watu. Asili yake Madagaska, Pwani nzima yamejaa. Lakini kwa kawaida vinkristini haizidi miligramu 2 kwa mara moja, hata mgonjwa awe mnene vipi, kwa sababu ikizidi inaharibu mishipa ya fahamu. Mama alipimwa urefu na uzito kabla ya dripu ili dozi ikokotolewe. Kwenye kopo la shangazi nani amepima?

Na kuna la ini. Siklofosfamidi inaingia mwilini ikiwa imelala, ini ndilo linaloiamsha. Mizizi tusiyoijua inaweza kulisumbua ini, dawa ikaamka kupita kiasi au isiamke kabisa. Na ini likichoka, madaktari watasimamisha kemo yenyewe.

Nusura2016
Nimepita humo, dada. Dozi nne za nyekundu, nipo naandika.

Mkojo mwekundu ni rangi ya dawa yenyewe, siku moja au mbili unaisha. Mama anywe maji mengi siku ya dripu na kesho yake, na asibane mkojo, maana mabaki ya ile dawa nyingine yanaunguza kibofu. Siku mbili za mwanzo anayefua mashuka yake avae glavu, na choo kimwagiwe maji mara mbili. Dawa ya kichefuchefu ameze kwa saa aliyoandikiwa, asisubiri kutapika kwanza. Mimi nilijifanya shujaa dozi ya kwanza, nikakoma.

Nywele zitaondoka. Mnyoeni mapema, kuokota mafungu kwenye mto wa kulalia kunaumiza kuliko wembe.

Kinu_na_Mchi
Asante Nusura. Naongeza moja, na hili mliandike ukutani. Seli nyeupe huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, wakati mgonjwa mwenyewe anajisikia nafuu na anataka kwenda sokoni. Homa ikifika 38, hata saa nane usiku, bajaji ileile, hospitali. Msimpe panadoli kwanza mkasubiri asubuhi, itaficha homa huku wadudu wanaenea. Na kwa kuwa sasa hivi damu yake bado iko chini, sheria hiyo ni ya wiki hii pia.

Moyo alipimwa kabla ya kuanza? Doksorubisini inachosha moyo, na mchoko wake unajumlishwa maisha yote. Kwa mpango wa mara nne kwa kawaida anabaki mbali na ukomo, lakini akianza kuhema akipanda ngazi au miguu ikivimba, semeni.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mmesema ya dawa, mimi niseme ya wifi. Mwanangu, usimjibu shangazi yako mbele za watu. Pokea kopo kwa mikono miwili, shukuru, weka kabatini. Mwambie daktari ameomba alione kwanza. Halafu mpe kazi. Mtu ametoka kijijini kwa uchungu, ukimkalisha bure ataendelea kusaga mizizi. Nunua kipima joto, mkabidhi yeye.

BintiKihonda
Nimerudi kuwapa mrejesho. Moyo alipimwa, uko sawa. Damu imepanda, jana amepata dozi ya pili. Kopo nililipeleka, daktari akasema likae mpaka kemo iishe.

Bi Mkubwa, shikamoo tena. Shangazi anapima asubuhi, mchana na jioni, anaandika kwenye daftari la vikoba. Leo amelalamika kipima joto kibovu, kila siku 36 na pointi.

Swali la mwisho: kucha za mama zimeanza kuwa nyeusi. Shangazi ameshaniita pembeni.

Kinu_na_Mchi
Ni dawa hizohizo. Weusi utasogea mbele kadiri kucha inavyokua, mtaukata. Mwambie shangazi aandike na hilo.