Jirani kafyeka mafunjo yote ufukweni kapanda nyasi za kapeti, uchafu unakuja kwangu

Wakuu, leo niacheni nitoe ya moyoni maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Naishi kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, upande wa Ilemela. Mtaa sitaji. Mwaka jana kiwanja cha pembeni kilipata mwenyewe mpya. Kilikuwa na mafunjo na matete mpaka majini, na sato walikuwa wanazalia humo. Jamaa kaleta vijana na mapanga, siku tatu tu peupe, mabaki wakayatia moto. Baada ya hapo malori ya udongo, kisha nyasi za kapeti mpaka maji yanapoishia. Eti "view"!

Nyasi zile bila mbolea zinakuwa njano, kwa hiyo kila mwezi kijana wake wa bustani anamwaga UREA kwa mkono kama anayelisha kuku. Mvua ikipiga, yote inateremka ziwani, maana lile pori lililokuwa linaichuja si ndiyo hilo kalichoma? Na upepo unaleta upande wangu. Juzi nimechota ndoo ya maji imetoka na utando wa kijani mzito kama rangi ya mafuta. Kuiacha juani kidogo, inanuka yai viza. Gugumaji nalo limejaa kwenye mwalo wetu mdogo. Likipata chakula linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Miaka ya 90 tulihangaika nalo mpaka wakaletwa wadudu wa kulila, leo mtu analinenepesha kwa hela yake.

Nilimfuata kistaarabu. Akanijibu, "Mzee wangu, hayo majani ni nyoka na viboko tu, mimi nina watoto." Nyoka sibishi, wapo. Lakini kiboko? Kiboko halali kwenye mafunjo ili amle mtoto wako, usiku anatoka kutafuta nyasi fupi laini. Umemwandalia meza mwenyewe! Wiki mbili zilizopita alipanda mpaka kwenye zile taa za bustani, asubuhi tukakuta nyayo kama sufuria na kapeti limechanika kama mkeka wa zamani. Samahani, nilicheka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nikamtajia. Kajibu ana hati. Nimepeleka malalamiko ofisi mbili, moja wakaniambia niende ya pili, ya pili wakanirudisha ya kwanza.

Na kabla hamjaniuliza, nyumba yangu ipo juu mlimani. Chini nimeacha mafunjo, mkuyu mmoja mkubwa, na njia ya mtumbwi upana wa hatua mbili, nayo nimeikunja kona ili maji ya mvua yasishuke moja kwa moja. Kwenye mteremko kuna matuta na mchaichai. Mboga napanda nyuma ya nyumba kwa samadi, mbali kabisa na maji. Sijatumia hela ya maana. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa, mawimbi yalifia kwenye mafunjo yangu. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na ukuta wa mawe ulibomoka, udongo wa nyuma yake ukaondoka nao.

Ninyi mafundi wa bustani mnaochukua kazi hizi, hivi mteja akisema fyeka mpaka majini hamwezi hata kumuuliza mara mbili?

Aliyewahi kufanikisha kesi kama hii anisaidie, alianzia wapi, mtendaji wa mtaa au moja kwa moja NEMC, lile baraza la taifa la mazingira? Picha ninazo, za kabla na baada. Mjibu haraka wakuu, wingu limeshatanda ziwani na jioni hii nimeona mifuko miwili mipya ya UREA imeegemezwa ukutani kwake.