Presidio, mision, pueblo: naomba mwenye kujua

Binti Malindi: Assalaam alaykum. Natembeza wageni Mji Mkongwe. Jana mzee mmoja wa Los Angeles aliiangalia Ngome Kongwe akaniuliza kama ni sawa na presidio za kwao. Akaendelea na mision na pueblo, nami sina jawabu. Kesho kutwa napokea kundi jengine la huko huko.

Maalim wa Vikokotoni: Waalaykum salaam mwanangu. Usianze na umbo la jengo, uliza nani alikaa ndani. Yote matatu ni makazi ya zama Wahispania walipoitawala California. Presidio ni ya askari: kuta, ua katikati, nyumba na ghala zimeegemea kuta. Ya San Francisco ni ya 1776.

Mision ilikuwa mikononi mwa mapadri: kanisa, karakana, mashamba, na wenyeji waliobatizwa. Hapa nakuomba usipambe maneno. Mtu akishabatizwa hakuachiwa kuondoka apendavyo. Waliotoroka walifuatwa na askari, wakachapwa viboko. California ilikuwa na mision 21, ya kwanza San Diego, 1769. Wewe unayewasimamisha wageni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, unajua namna ya kulisema jambo kama hili kwa heshima.

Pueblo ndio mji wa raia. Los Angeles ilianza 1781 kwa walowezi 44, wengi wao wana damu ya Kiafrika. Mwambie mzee wako.

Fundi Chokaa: Msisahau plaza, uwanja wa katikati ya mji, ina sheria yake. Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania aliamuru 1573 uwanja uwe mstatili, urefu usipungue mara moja na nusu ya upana, na kwenye mji wa pwani ukae bandarini. Njia kuu zitokee hapo. Kwetu nyumba zilitangulia, vichochoro vikapita palipobaki. Kuta zao nyingi ni adobe, matofali ya udongo na majani makavu yaliyoanikwa juani. Sisi tuna mawe na chokaa, lakini adui ni mmoja: maji. Lipu ikibanduka na mvua ikaingia, ukuta wa adobe unarudi kuwa tope.

Binti Malindi: Ahsanteni sana. Basi Ngome Kongwe niiite presidio?

Maalim wa Vikokotoni: Hapana. Kwa kazi zinakaribiana, lakini yetu waliijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1600, palipokuwa na kanisa la hao Wareno. Wahispania hawakututawala. Iite ngome.