Mrejesho: dondoo ya mwarobaini isiyoacha duara kwenye agari

Niliuliza kwa nini dondoo ya ethanoli ya majani ya mwarobaini haikuacha duara lolote (eneo tupu ambako bakteria wamezuiwa kuota) kwenye agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, yenye bakteria Staphylococcus aureus. Mlioshauri niachane na vidiski (vipande vya karatasi vilivyolowekwa dondoo), asanteni sana: viambato visivyoyeyuka majini havisambai vizuri kwenye agari, hata vikiwa na nguvu. Nilihamia kwenye sahani ya visima vidogo 96 vya kimiminika, DMSO (kiyeyushi cha dondoo) isizidi asilimia 1, na kisima cha dondoo ya mikrogramu 500 kwa mililita kilibaki bluu baada ya kutia resazurini, rangi ya bluu ambayo bakteria hai huigeuza waridi. Cha 250 kikageuka waridi.

Msisahau kisima cha kulinganishia chenye dondoo bila bakteria. Fenoli (aina ya kemikali) za mmea zinaweza kugeuza resazurini zenyewe, na klorofili huficha rangi. Sasa naotesha matone ya visima vya bluu kwenye agari mpya, nijue kama bakteria wamekufa au wamezuiwa tu.