Kikundi cha kutazama nyota hapa Tabora kina faida gani kwa mtu mwenye darubini yake?

MwalimuWaFizikia, Tabora

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa mjini, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitazama anga uani kwangu kwa darubini ya macho mawili niliyoinunua mtumba. Wenzangu wawili wananihimiza tuanzishe kikundi cha wapenzi wa astronomia kitakachokutana kila mwezi, na tayari wameanza kuzungumzia ada na katiba. Sipingi wazo hilo, ila simu yangu ina ramani ya nyota, vitabu ninavyo, na kazi za shule hazinibakizii jioni nyingi za bure. Je, kikundi humpa mtu kitu gani ambacho hawezi kukipata akiwa peke yake? Aidha, baadhi ya wazazi wakisikia neno unajimu hudhani kwamba tunapiga ramli, nami nisingependa wanafunzi wangu wakatazwe kuja kwa sababu ya jina tu.

MkaziWaUjiji

Mwalimu, salaam nawe. Mimi nilitazama peke yangu muda mrefu kuliko wewe, na nitakueleza kilichonifanya nibadili mawazo. Usiku mmoja niliielekeza darubini kwenye sayari ya Mshtarii, nikaona vijinukta vinne vimejipanga kando yake, nikafurahi kwamba nimeiona miezi yote minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Usiku uliofuata kulikuwa na mawingu upande wangu wa mji, lakini jirani yangu mmoja, ambaye wakati huo nilikuwa simjui vizuri, alitazama akiwa upande wa pili na kuchora alichokiona. Tulipolinganisha michoro yetu, kijinukta kimoja kilikuwa kimebaki palepale ilhali sayari na vijinukta vingine vimesogea, kwa maana kwamba nilikuwa nimeihesabu nyota ya kawaida kuwa ni mwezi. Ule wa ndani kabisa kati ya ile minne, Io, humaliza mzunguko wake kwa muda wa saa 42 hivi, kwa hiyo usiku mmoja ukikosekana mtu hupoteza mfuatano, na hakuna mtu mmoja mwenye familia na ajira anayeweza kukesha kila siku. Tangu hapo tukawa wawili, na sasa tumefika saba.

Miongoni mwetu wamo wazee wawili waliovua dagaa ziwani maisha yao yote. Umri wa mwezi wanaujua bila kalenda, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka taa za mitumbwi haziwavuti dagaa na wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Wao ndio waliotuonya tusiende ufukweni siku za giza, ambazo ndizo tunazozitaka sisi, kwa sababu taa za wavuvi hujaa upande wa magharibi na kuharibu anga la chini. Siku hizi tunapanda vilimani nyuma ya mji, tukichangia usafiri, na hakuna anayeogopa kurudi usiku kwa kuwa tunarudi pamoja. Katika simu yangu sikupata hata moja kati ya hayo.

BintiWaIsevya

Mwalimu, naomba nigusie suala la jina, kwa kuwa mimi pia niliwahi kuulizwa nyumbani kama nimeanza uganga. Andikeni elimu ya nyota au astronomia, kisha waiteni wazazi wenyewe waje na watoto wao. Mimi ningeanza na Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwa sababu kila mzee aliyelima amelisikia jina hilo na hakuna anayelihusisha na ramli. Upo msemo wa zamani kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapa Unyamwezi mambo yanaonekana wazi: mwezi Mei kundi hilo hupotea katika mwanga wa jua, mvua zikiwa zimekwisha, na mwezi Novemba huchomoza mashariki jua linapozama, wakati ambapo watu wanashika majembe. Mzazi akionyeshwa hivyo na mtu anayemfahamu ataelewa kwamba mnachofanya ni kuhesabu majira.

Halafu tumieni faida ya mahali tulipo. Sisi tuko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Mei, kati ya saa tatu na saa nne usiku, nyota za Salibu husimama kusini na zile saba za Dubu Mkubwa husimama kaskazini, karibu kwa urefu mmoja. Watu wa Ulaya ya kaskazini hawaioni Salibu kamwe wakiwa kwao. Nilionyeshwa hayo na mwanafunzi mwenzangu, naye alinigeuza kwa mabega, kwa sababu nilikuwa nimeitazama simu na si anga.

MtazamajiWaJangwani

Nakubaliana na waliotangulia, lakini naona jambo kubwa zaidi halijasemwa. Kazi ya kikundi inaweza kuwa na manufaa kwa sayansi. Nyota nyekundu iliyo begani mwa kundi la nyota la Jabari, Betelgeuse, ilififia sana kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020, na watu wa kawaida duniani kote waliupima ufifiaji huo kwa macho matupu, wakiulinganisha na nyota za jirani. Jicho la mtu mmoja hukosea, ila makadirio ya watu kadhaa yakiwekwa pamoja hupunguza kosa hilo. Shirika la Marekani la AAVSO limekuwa likikusanya makadirio ya namna hiyo tangu 1911, nalo linapokea ya wasio wataalamu.

Pia kuna usalama. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na mwezi na pete kamili ya mwanga ikaonekana Rujewa, huku kwetu lilimegwa sehemu kubwa, na niliwaona watoto wa mtaani wakilitazama kupitia filamu za eksirei na vioo vilivyopakwa masizi. Vyote viwili havilindi jicho, na bado ninasikitika kwamba sikuwa na cha kuwapa. Kikundi kingeweza kununua vichujio sahihi mapema na kuwafundisha watoto kabla ya siku yenyewe.

Ushauri wangu mmoja ni kwamba katiba na ada visubiri. Kutaneni mara nne kwanza.

MwalimuWaFizikia, Tabora

Nawashukuru nyote kwa dhati. Ndugu wa Ujiji, leo nimefungua daftari langu na kukuta kwamba katika miaka mitatu sijawahi kuchora kitu kwa siku mbili mfululizo. Nimewaambia wenzangu tuahirishe katiba, na Jumamosi ya kwanza yenye giza tutakutana nje ya mji, kila mmoja na penseli yake na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu. Dada wa Isevya, kama utaweza kufika, ningeomba uje utuanzishie kwa Kilimia, au kwa Salibu ikiwa Kilimia kitakuwa hakijachomoza.